Dillinger wa 1945, wa 1973 na wa 2009: ipi kali zaidi?

Mwana wa Chumbageni (mleta mada)

Salaam wakuu. Leo nataka tulinganishe filamu tatu zinazomhusu mtu mmoja, jambazi wa benki John Dillinger. Kwa asiyemfahamu: ni mtu wa Indiana, Marekani, alizaliwa 1903. Mwaka 1924 alimvamia mwenye duka la vyakula, akafungwa karibu miaka tisa. Alitoka Mei 1933 akiwa tayari kaiva, na Julai 22, 1934 wapelelezi wa serikali wakamuua nje ya sinema ya Biograph jijini Chicago. Yaani umaarufu wote ule ni wa miezi kumi na minne tu.

Filamu zenyewe: *Dillinger* ya 1945 iliyoongozwa na Max Nosseck, *Dillinger* ya 1973 ya John Milius, na *Public Enemies* ya 2009 ya Michael Mann.

Mimi nasimama na ya 1945, na sisimami nayo kwa kupenda vya kale. Ilitengenezwa na Monogram, kampuni ya filamu za bei rahisi. Haifiki hata saa moja na robo. Lawrence Tierney aliyepewa nafasi ya Dillinger hakuwa na jina wakati huo. Fedha zilikuwa haba kiasi kwamba lile tukio la kuvamia gari la fedha kwenye mvua, kwa mabomu ya moshi, picha zake zilichukuliwa kutoka filamu ya Fritz Lang ya 1937, *You Only Live Once*. Pamoja na hayo yote, hadithi aliyoiandika Philip Yordan iliteuliwa kuwania Oscar.

Sasa tazameni umaskini ule ulivyowasaidia. Hawakuwa na uwezo wa kuijenga Chicago ya 1934, kwa hiyo kamera inakaa kwenye vyumba vidogo, karibu na uso wa Tierney, na uso ule hauna huruma hata chembe. Kuna mhudumu wa baa aliyemdhalilisha mwanzoni, kabla hajafungwa. Dillinger hasahau. Anarudi baadaye, anavunja kikombe cha bia, na wewe mtazamaji unajua kinachofuata bila kuonyeshwa jeraha. Hakuna muziki wa kumsifu, hakuna maneno ya kumtetea. Milius na Mann wote wawili wanampenda Dillinger wao. Nosseck hampendi, na ndiyo maana filamu yake bado inatisha.

Kaka Mkubwa wa Mbagala

Mkuu, kwa hoja hiyo hiyo ya fedha kidogo, ya 1973 usiipite haraka. Nayo ilitoka AIP, kampuni iliyojulikana kwa filamu za gharama ndogo, na ndiyo ya kwanza Milius kuongoza. Warren Oates anafanana na Dillinger wa kwenye picha za magazeti kuliko wote: mdomo, nywele, hata anavyocheka. Halafu pale kuna genge. Harry Dean Stanton ni Homer Van Meter, Richard Dreyfuss ni Baby Face Nelson, kila mmoja ana tabia yake. Ya 1945 imebadilisha majina ya wenzake wote, hao watu hawakuwahi kuwepo. Jambazi wa benki hafanyi kazi peke yake. Ukiondoa genge, umeondoa nusu ya habari.

Dosari naikubali: Ben Johnson aliyeigiza Melvin Purvis, mkuu wa wapelelezi wa Chicago waliomwinda Dillinger, alikuwa na zaidi ya miaka 50, wakati Purvis mwenyewe alikuwa kijana wa rika la Dillinger. Lakini akiwasha ile sigara nene baada ya kila jambazi kuanguka, umri unausahau.

Mama Nasra

Wanangu, nyote mmesifia wanaume. Mimi naangalia mmewafanya nini wanawake wa kisa hiki, na hapo ya 1945 inanikera kweli.

Mpenzi wa Dillinger aliitwa Billie Frechette, mama yake alikuwa wa Wamenominee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na alilelewa Wisconsin. Alikamatwa Chicago Aprili 1934, akafungwa miaka miwili kwa kumficha. Dillinger anauawa Julai, Billie yuko ndani. Aliyemchoma kwa wapelelezi ni mwanamke mwingine kabisa, Anna Sage, mhamiaji kutoka Romania aliyekuwa akitishiwa kurudishwa kwao. Alikubaliana na Purvis ili aachwe abaki Marekani, na mwaka 1936 wakamrudisha vilevile. Hata lile gauni jekundu linaloimbwa kila siku, sketi yake ilikuwa ya rangi ya machungwa. Taa za sinema ndizo zilizoigeuza nyekundu.

Filamu ya 1945 imewachukua wanawake hao wawili, mmoja aliyefungwa kwa ajili yake na mmoja aliyemsaliti, ikawafanya mtu mmoja aitwaye Helen. Mpenzi ndiye msaliti! Hiyo siyo kubana matumizi, hiyo ni dhuluma kwa Billie. Kwa upande huo *Public Enemies* ndiyo imemtendea haki. Marion Cotillard akiwa kwenye kile chumba cha mahojiano, anapigwa na hasemi, nililia.

Mwana wa Chumbageni

Shikamoo Mama Nasra. Kwa Billie sina la kukupinga, amedhulumiwa. Naongeza tu mazingira ya wakati ule. Mwaka 1934, Dillinger akiwa bado hai, ofisi ya Will Hays iliyosimamia maadili ya Hollywood ilitangaza kwamba hakuna filamu ya maisha yake itakayotengenezwa. Hofu yao ni vijana kumfanya steringi. Ndiyo maana ya 1945 inaanza na baba yake akipanda jukwaani ndani ya ukumbi wa sinema, anawaeleza watu habari za mwanawe. Ilibidi waonye kwanza ndipo waonyeshe.

Msomaji wa Usiku

Nikisoma historia ya Dillinger halafu nikatazama *Public Enemies*, sehemu ni zenyewe. Jela ya Crown Point kule Indiana, ile nyumba ya wageni ya Little Bohemia kule Wisconsin ambako wapelelezi walilivamia genge, mtaa wa Biograph: Mann alikwenda kupiga picha palepale. Na Crown Point ndipo kisa kizima kinapopinda. Machi 3, 1934 Dillinger alitoroka, inasemekana kwa bastola ya kuchonga kwa mti (ubishi wa kama ilikuwa ya mti au ya kweli haujaisha mpaka leo). Akachukua gari la sherifu Lillian Holley, akavuka nalo mpaka kuingia Illinois. Kuiba benki lilikuwa jambo la polisi wa jimbo. Kuvusha gari la wizi kutoka jimbo hadi jimbo lilikuwa kosa la shirikisho, na hapo J. Edgar Hoover, mkuu wa wapelelezi wa shirikisho, akapata mlango wa kumwinda.

Lakini tarehe, Mann kazivuruga. Pretty Boy Floyd, jambazi mwingine wa benki wa zama hizo, anakufa mwanzoni mwa filamu, wakati aliuawa Oktoba 1934. Nelson naye anakufa kabla ya Dillinger, wakati aliuawa Novemba. Wote waliishi miezi kadhaa baada ya Dillinger kufa. Kosa hilohilo liko kwenye ya 1973.

Kaka Mkubwa wa Mbagala

Na zile kamera za dijitali, mkuu? Mimi watu wa 1933 kuonekana kama taarifa ya habari ya jana kulinitoa kabisa kwenye hadithi.

Msomaji wa Usiku

Kwangu ndiyo uzuri wake. Usiku wa Little Bohemia, moto wa bunduki ukimulika miti, unajiona uko msituni. Hiyo ya 1945 isingeweza hata kwa kujaribu.

Fundi Redio

Wakuu, nina vijana wawili wa sekondari, Ijumaa usiku tunataka kutazama moja. Hawana uvumilivu na filamu ndefu.

Mama Nasra

Ya Mann inapita saa mbili na robo, watasinzia. Pamoja na kinyongo changu, wawekee ya 1945. Ila kabla hujawasha, waambie Billie Frechette alikuwa nani.

Mwana wa Chumbageni

Asante mama. Na wakiipenda, Jumamosi wawekee *You Only Live Once*. Wakifika kwenye mvua na moshi, nyamaza kimya uone kama watagundua wenyewe kwamba wizi ule wameshauona.