Mwanangu anajua sikukuu ni siku ya kutokwenda shule tu. Nyie wenu mnawafundishaje?

Mama Nasra

Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni. Naomba mawazo, hasa kwa nyie mliokwisha kulea.

Binti yangu yuko darasa la pili. Juzi nilikuwa nakagua madaftari yake nikakuta swali: taja sikukuu tatu na ueleze kila moja ni ya nini. Kaandika Krismasi, Idi na Karume. Mbele ya Karume, kwa mwandiko mzuri kabisa, kaandika "siku ya kutokwenda shule". Nikamuuliza, Karume alikuwa nani? Akasema, "Mama, si siku ile tulienda kwa shangazi Mbagala?"

Iliniuma, maana kosa ni langu. Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, na sikumbuki mtu kunikalisha chini kunifundisha sikukuu. Shaabani ikielekea ukingoni bibi alishatugawia kazi, huyu kuchekecha unga wa vileja, yule kusugua masufuria. Maulidi kila mtoto wa chuoni alikuwa na kipande chake cha kusoma mbele za watu. Tisa Desemba nilicheza halaiki Mkwakwani, na Mwenge ukipita tulisimama barabarani tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Nilijua siku hizo kwa sababu nilikuwa na kazi ndani yake.

Hapa Dar sikukuu ikifika tunalala hadi saa nne, tunapika pilau, televisheni inawashwa, siku inaisha. Halafu kuna swali lilinishinda kabisa: kwa nini Idi inahama na Krismasi haihami? 2024 Idi ilikuwa Aprili, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Nikamjibu "ni mwezi", akauliza "mwezi umefanyaje?", nikanyamaza.

Nyumba tunayopanga tuko familia nne, mbili Waislamu na mbili Wakristo. Watoto wanakula sikukuu zote pamoja, nami napenda hivyo. Nataka ajue zake vizuri na za jirani azijue kwa heshima. Nianzie wapi?

Bibi wa Kusini

Assalaam aleikum mwanangu Mama Nasra. Niko Makunduchi, kusini mwa Unguja, nina wajukuu tisa, na hilo swali la Idi wote tisa wameniuliza.

Usianze na angani, anza na vidole. Sisi tukimaliza Ramadhani tunafungua, na mwezi unaofuata tunauita Mfunguo Mosi. Unakuja Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kumi na miwili imetimia. Mtoto wa miaka sita anaishika kwa siku mbili. Sasa mwambie Idi Kubwa ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, na Maulidi ni siku ya kumi na mbili ya Mfunguo Sita. Akishajua hivyo ataona Idi haihami hata kidogo, iko palepale kwenye mwezi wake. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, miezi kumi na miwili inatoa siku 354 au 355, na kalenda yako ya ukutani ina 365. Pengo ni siku kumi au kumi na moja, ndizo Idi inazotangulia kila mwaka.

Mimi na mjukuu wangu wa kiume tuliandika kwenye mlango wa stoo. Kila mwezi ukiandama anapiga mstari mmoja wa mkaa. Mistari kumi na miwili ikitimia tunalinganisha na kalenda, tunahesabu siku zilizozidi. Mwaka wa kwanza alidhani amekosea kuhesabu. Mwaka wa pili akaja mwenyewe mbio, "Bibi, zimezidi tena!"

La pili, zaka ya fitri. Watu wengi siku hizi wanatoa pesa kimyakimya, mtoto haoni kitu. Mie natandika mkeka, naweka gunia la mchele na kibaba, kile kipimo cha nafaka. Kila mtu wa nyumba ana pishi yake, na pishi ni vibaba vinne. Mtoto ndiye anayepima, na anataja jina: hii ya baba, hii ya mama, hii ya bibi. Mwaka ule mdogo wao alikuwa na siku arubaini tu, mjukuu akamruka. Nikamwambia na huyu ana yake. Akashangaa, "Hana meno, atakula nini?" Nikamwambia hali yeye, anakula jirani asiye na kitu, ili naye asubuhi ya Idi asiwe na njaa. Alikipima kile kibaba polepole, akakisawazisha kwa kiganja mpaka kikawa sawasawa, punje zilizomwagika akaziokota mojamoja. Halafu akabeba mwenyewe mpaka nyumba ya pili, kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Sikuwahi kumweleza tena fitri ni nini.

Na huku kwetu tuna hesabu ya tatu, ya Mwaka Kogwa. Hiyo haifuati mwezi mwandamo. Wazee walihesabu miongo, siku kumikumi, miongo 36 inakuwa siku 360, zinabaki tano. Kwa miongo hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Mwaka wenyewe, wengine wanauita Nairuzi, unaingia Julai, wakati wa kusi. Watu wanakoga pwani, wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa migomba kumaliza vinyongo vya mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba na nguo zao mpya. Na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina raha. Watoto wangu wa kike kazi yao ni hiyo, kusimama njiani kutafuta mgeni wa kumleta nyumbani. Wanagombania!

Usimmiminie yote kwa mwaka mmoja, mwanangu. Mpe kazi moja kwa kila siku kuu. Mwaka ujao ataidai.

Mwalimu wa Chini

Shikamoo Bibi. Mama Nasra, nafundisha madarasa ya chini na nakiri sikukuu za kitaifa tunaziharibu sisi wenyewe. Tunaandika ubaoni: Mapinduzi 12 Januari 1964, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba. Wananakili, wanakariri, tunafuta ubao.

Kwa Muungano nilibadilisha. Ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964 ipo kila mahali, watoto wanaiona bila kuuliza. Nilimwomba mwalimu mwenzangu aliyekwenda likizo Unguja aniletee udongo kwenye kopo la maziwa. Wa huku tukachota uwanjani. Kila mtoto akatia kiganja kimoja kwenye beseni, wakakoroga. Mmoja akauliza sasa udongo upi ni wa wapi, wakaanza kuchambua kwa vidole, wakashindwa. Tukapanda maharage humo humo. Yalipoota, hata wale wasiosoma vizuri walikuwa wanajua 26 Aprili.

Karume naye ana kisa cha kusimulia. Mwambie ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, na aliuawa 7 Aprili 1972, ndiyo maana siku yake ni ya kumkumbuka na si ya ngoma. Mtoto wa darasa la pili anaweza kubeba hilo. Tunawaficha msiba halafu tunashangaa hawajui siku ni ya nini.

Saba Saba mnaishi nayo hapo Dar. Mkienda maonyesho Barabara ya Kilwa, kabla hujanunua aiskrimu mwambie chama cha TANU kilizaliwa tarehe hiyo mwaka 1954. Sentensi moja inatosha.

Baba wa Rombo

Nakubaliana na Bibi karibu kote, ila naongeza jambo. Kazi bila maneno haitoshi. Mimi nilibeba nyama ya Krismasi nikiwa mtoto miaka mingi kabla sijajua kwa nini naibeba.

Sisi Desemba tunapanda mlimani. Njia nzima kwenye basi, kuanzia Chalinze hadi Himo, ndiyo darasa langu. Nawauliza wanangu majina: babu aliitwa nani, baba yake babu je, kihamba, yaani shamba la ukoo tunalokwenda, kilikuwa cha nani kabla yetu. Mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na mtoto anayetumwa kupeleka lazima ataje anampelekea nani na ni nani wake. Akikosea ukoo, anarudishwa aulize.

Mwaka juzi walijifunza kitu ambacho sikupanga. Mimi na kaka yangu tulikuwa na ugomvi wa mpaka, hatujaongea miezi. Mama akasema hakuna mbuzi atakayechinjwa kwenye kihamba chenye watu wasiosalimiana. Nikachuma isale, jani la kuombea msamaha kwetu Wachaga, nikafunga fundo, nikaenda nalo kwa kaka, wanangu nyuma yangu. Kwetu ukiletewa isale, husukumi mkono unaokuletea. Alilipokea. Usiku mwanangu wa mwisho akaniuliza kama Yesu naye aliletewa isale. Tulikaa tukazungumza saa nzima juu ya Krismasi ni ya nini, mazungumzo ambayo nisingeweza kuyaanzisha mwenyewe.

Halafu Mama Nasra, mwambie binti: Krismasi haihami, lakini Pasaka inahama! Nayo inafuata mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Mtoto wa jirani yako Mkristo huenda naye halijui hilo, wafundishe pamoja.

Mama Nasra

Nimerudi na mrejesho, na Mungu awalipe nyote.

Mlango wa stoo sina, na mwenye nyumba hataki mkaa ukutani, kwa hiyo tumebandika karatasi nyuma ya kabati. Jioni ya mwezi kuandama tulipanda juu ya tangi la maji, Nasra na Kelvin wa chumba cha mbele. Kelvin ndiye aliyeuona kwanza, uzi mwembamba juu ya nyaya za umeme. Sasa mistari inapigwa na wote wawili. Kelvin ana rangi yake ya kuzungushia mwezi mpevu, anasema ni wa Pasaka yake, ingawa tumemweleza kuwa ni mmoja tu kwa mwaka. Anazungushia yote, asije akaukosa.

Kibaba nimekikosa Kariakoo nzima niliyopita, nimempigia mama Tanga, kaniambia cha bibi kipo, ananitumia kwa basi.

Karume tumemsoma. Nasra aliuliza kama watoto wake walilia. Nikamwambia bila shaka walilia.

Bibi, Julai tunataka kuvuka kuja Mwaka Kogwa, mimi na watoto wawili, Kelvin mama yake kamruhusu. Sisi hatuna mtu huko. Tukifika tufanyeje?

Bibi wa Kusini

Mkiteremka kwenye gari msimame palepale barabarani. Wajukuu wangu watawapata kabla ya wa nyumba nyingine, nimeshawaambia mnakuja watatu. Waletee hao watoto nguo za kukogea baharini, na zile mpya za kuvaa baada ya hapo.