Kolo, Nyero au mapango ya Elgon: wapi pa kumpeleka mama na vijana wawili?

Msafiri wa Ubungo:
Wanajukwaa, salaam. Mwezi wa nane nina likizo ya siku kumi, na nimeazimia kuwapeleka wanangu wawili, wenye miaka 12 na 15, pamoja na mama yangu aliyetimiza miaka 70, mahali watakapoona makao ya kale ya binadamu miambani na michoro iliyoachwa humo. Nimebakiwa na maeneo matatu: Kolo wilayani Kondoa, Nyero huko Kumi nchini Uganda, na mapango ya Mlima Elgon upande wa Kenya. Mama hana maradhi, ila magoti yake hayapatani na milima. Naomba waliofika wanilinganishie bila kunificha usumbufu wowote.

Mrangi wa Pahi:
Ndugu Msafiri, mimi ni mwenyeji wa huku, kwa hiyo pokea maneno yangu ukijua navutia kwangu. Kwa anayetoka Dar es Salaam, Kolo ndiyo rahisi kufikika: mnapanda treni hadi Dodoma, kisha gari kwa njia ya lami yapata kilomita 180 kuelekea Babati. Pale kijijini ipo ofisi ya wasimamizi wa michoro, ambako mtalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Usumbufu huanzia hapo, kwa sababu Mungomi wa Kolo, penye michoro inayojulikana zaidi, pako kama kilomita 9 kutoka kijijini, na njia yake inataka gari lililoinuka, kisha mnapanda kilima kikali kwa miguu.

Huko juu mtaona watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kana kwamba wamesuka au wamevaa kofia kubwa, pamoja na wanyama wa porini, yote kwa rangi nyekundu ambayo wataalamu wengi huihusisha na wawindaji waliokuwa jamaa za Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Michoro myeupe, iliyo minene na isiyo na ustadi ule, ilikuja baadaye sana pamoja na wakulima. Tunayaita mapango, ila mengi ni miamba iliyochomoza kama paa la kibaraza, na watu waliishi chini yake kwelikweli: huko Kisese, katika eneo hilihili la urithi, wachimbuaji walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipokuja kunakili michoro mwaka 1951 alikuta mambo mengi kuliko muda aliokuwa nao, na hata UNESCO, ilipoliandikisha eneo hili kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, ilikadiria sehemu zenye michoro kuwa kati ya 150 na 450.

Jambo moja vijana waambiwe mapema: Mungomi si makumbusho tu. Wazee wetu bado hupanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, kwa hiyo mkikuta watu katika ibada, subirini mwongozaji azungumze nao kwanza.

Mkazi wa Kitale:
Elgon ni makao hasa, lakini kwa michoro usitarajie makubwa. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni humo pamoja na ng'ombe wao, na Wasabaot, wenyeji wa mlima huo, husimulia habari za mababu zao humo hadi leo. Pango la Kitum linaingia mlimani kama mita 200, na tembo huingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Alama za pembe hizo ziliwafurahisha wanangu kuliko jambo lingine lolote. Hata hivyo, watu wawili waliotembelea Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa kali ya virusi vya Marburg na kufariki, na popo, ambao hubeba virusi hivyo, wangalimo. Mimi niliwaonyesha wanangu mlangoni tu, wala nisingemwingiza mzazi wa miaka 70.

Mwalimu wa Tororo:
Kwa magoti ya mama, Nyero inashinda. Iko karibu na barabara ya kutoka Kumi kwenda Ngora, na kupanda kwake ni kwa kiasi. Ukuta mkubwa wa mwamba wa pili wa Nyero umejaa miduara myekundu, mmoja ndani ya mwingine, ila kwa kuwa michoro hiyo karibu yote ni ya maumbo ya kijiometri, wanafunzi wangu huuliza wanyama wako wapi. Mkija huku, vukeni mpaka wa Kenya ili mwone pia mwamba wenye michoro wa Kakapel katika Kaunti ya Busia, ambako wachimbuaji wamepata kunde yenye umri wa miaka ipatayo 2,300.

Mhifadhi Mstaafu:
Popote mtakapokwenda, mtu asimwage maji ukutani ili picha ing'ae. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida zamani, na matokeo yake ni chumvi inayofunika rangi. Kolo kuna madhara mengine: wapo waliochimba mashimo chini ya michoro wakiamini Wajerumani walifukia dhahabu. Na wewe, Mrangi wa Pahi, kwa heshima zote, pombe inayonyunyizwa ukutani wakati wa matambiko nayo huharibu.

Mrangi wa Pahi:
Mzee wangu, sikatai kwamba huharibu. Ila ibada hiyo ndiyo iliyowafanya wazee wakilinde kilima kile kabla ofisi haijajengwa. Ukiwafukuza, wachimba dhahabu watabaki na nani wa kuwazuia?

Msafiri wa Ubungo:
Nawashukuru nyote. Siku kumi hazitoshi kwenda Kumi na kurudi bila kumchosha mama, na Kitum nimeifuta. Tunakwenda Kolo. Swali limebaki moja: mama akishindwa kupanda, atakaa wapi?

Mrangi wa Pahi:
Fikeni asubuhi kabla jua halijakaza, mchukulieni fimbo na mpande mkipumzika. Akichoka, msimwache garini. Mleteni nyumbani kwetu Pahi, mama yangu ni wa rika lake na atafurahi kupata wa kuzungumza naye.