Mwenzetu alifariki ughaibuni, tukajua baada ya wiki tatu. Naombeni ushauri kuhusu jumuiya yetu ya wahitimu

KatibuWaUghaibuni

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya wahitimu wa shule yetu tunaoishi nje ya nchi. Huu ni mwaka wa nne nikiwa kwenye nafasi hii. Natoa jarida la habari mara tatu kwa mwaka na kuandaa mkutano wa kila mwaka, ambao huhama jiji moja hadi jingine kutegemea nani amejitolea kuwa mwenyeji.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa toleo jipya la jarida. Nikamwandikia dada mmoja aliyenitangulia madarasa mawili, nikimwomba atupe habari za kazi mpya aliyokuwa amenidokeza. Aliyejibu ni binti yake. Mama alikuwa amefariki wiki tatu nyuma na ameshazikwa. Binti akaniuliza kwa upole kama sisi ndio wale watu wa shule ambao mama yake alikuwa akiwasimulia kila mara. Akasema aliwaza kutupa taarifa lakini hakujua ampigie nani.

Wakuu, katika jiji hilo tuna wanachama sita. Mmoja anakaa mwendo wa dakika ishirini kwa treni kutoka nyumbani kwa marehemu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo kaburini.

Tangu siku hiyo orodha yangu naiangalia kwa jicho jingine. Ina majina 312, na nilipoandika kwa wote wiki iliyopita barua pepe zaidi ya tisini zimerudi. Mkutano uliopita walikuja watu 23, na mdogo kuliko wote alimaliza mwaka 2001. Vijana hatuwaoni kabisa. Nimesoma upya majarida yote niliyotoa: ni vifo, vyeo, na mchango umefikia wapi. Hakuna ukurasa ambao dada yule angeweza kusema kwamba anaumwa.

Mweka hazina anataka mkutano wa kila mwaka ufutwe, tukutane mtandaoni tu. Mwenyekiti anasema mkutano ukifa na jumuiya imekufa. Kikao cha kamati ni wiki mbili zijazo na wote wawili wanasubiri nitaegemea wapi. Naomba waliowahi kuendesha jumuiya za namna hii wanisaidie. Mlifanya nini mkaweza kujua hali ya mtu kabla haijawa msiba? Na huu mkutano tuuache au tuubadili?

---

Mkutubi

Pole sana, dada. Na pole kwa wenzako wale sita, maana najua nao hawalali vizuri.

Nimekuwa katibu wa jumuiya ya wahitimu kwa miaka kumi na moja, hivyo nakwambia nililojifunza kwa kuumia. Orodha ya watu 312 mikononi mwa mtu mmoja haiwezi kuwa hai. Sisi tuliigawa kwa mwaka wa kumaliza, kila darasa likatoa mjumbe wake. Mjumbe ana watu kumi na tano, wakizidi sana ishirini, na kila baada ya miezi mitatu anampigia kila mmoja. Anapiga, haandiki. Mtu anayeumwa ataandika "mzima, namshukuru Mungu" na wewe utaamini, lakini sauti haifichi. Mjumbe akimaliza ananiandikia mistari michache, na anamuuliza mwenyewe lipi litoke kwenye jarida na lipi libaki kwetu. Mwaka wa kwanza jarida letu liliongezeka kurasa bila mimi kuomba habari hata moja.

La pili ndilo naliona muhimu zaidi kwako. Binti alitaka kuwaambia, ila hakuwa na pa kupiga. Ninyi mlikuwa na namba ya mama, lakini nyumba ile haikuwa na namba yenu. Sisi kila mwanachama anatutajia mtu mmoja wa nyumbani kwake, na mtu huyo anapewa namba moja ya jumuiya ambayo haibadiliki viongozi wanapobadilika. Simu yenyewe anakabidhiwa katibu mpya pamoja na mafaili.

---

Msafiri_Tulivu

Naunga mkono ya Mkutubi, ila tahadhari kwenye hayo majina ya watu wa nyumbani. Kama mna wanachama Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ile GDPR iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inawahusu hata kama ninyi ni jumuiya ndogo isiyotafuta faida. Mtu aelezwe taarifa zake zinawekwa kwa sababu gani, akubali mwenyewe, na akitaka kufutwa afutwe. Huyo ndugu wa nyumbani naye aulizwe, asiandikwe tu kwa niaba.

Pia msitume barua pepe kwa watu 300 huku anwani zote zikionekana. Tumieni sehemu ya Bcc, inayoficha anwani za wengine. Na kundi la WhatsApp linaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu, kwa hiyo kumwingiza mtu bila kumuuliza ni kumvunjia heshima. Nimeona watu wakijitoa kimya kimya kwa sababu hiyo moja, kisha kamati ikasema hawapendi shule.

---

Darasa_la_2015

Dada katibu, mimi ni mmoja wa hao vijana ambao hawaji. Si wa shule yako, lakini naamini sababu ni zilezile, kwa hiyo niruhusu niseme wazi.

Mwaka wangu wa kwanza ughaibuni nilipata ujumbe nne kutoka kwa jumuiya yetu. Zote nne zilikuwa za mchango. Hakuna aliyeniuliza nimefikia wapi au kama nina pa kulala.

Mkutano mmoja nilikwenda. Tuliketi duara, kila mtu akaanza kujitambulisha kwa jina, cheo na kampuni. Daktari, mhandisi, mkurugenzi. Wakati ule mchana nilikuwa nasoma na usiku naosha vyombo, na ada ya muhula uliofuata sikuwa nayo. Zamu yangu ilipofika nikasema "mimi ni mwanafunzi" nikakaa. Hakuna aliyenidharau, wote walinipigia makofi. Lakini nilirudi nyumbani nikijua mahali pale si pa mtu ambaye mambo yake hayajakaa sawa.

Na wapo wenye magumu kuliko yangu. Wapo ambao makaratasi yao ya kuishi nchi waliyopo yana tatizo. Hao hawawezi kusafiri kwenda mkutano nchi nyingine na hawawezi kukwambia kwa nini. Watasema wamebanwa na kazi, mwaka huu, na ujao, na unaofuata. Kama mkutano ni mmoja tu kwa mwaka na uko ng'ambo ya mpaka, umewafungia mlango bila kujua.

Nikipewa nafasi ya kubadili kitu kimoja, watu wajitambulishe kwa jina, mwaka waliomaliza, na bweni. Kazi ya mtu itajulikana yenyewe kadiri mazungumzo yanavyokwenda, akitaka.

---

Mkutubi

Mdogo wangu, hayo ya kujitambulisha nimekuwa nikiyaendesha mimi mwenyewe kwa mtindo huohuo wa vyeo miaka yote hii. Nayachukua leo. Asante.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Katibu, umeandika kwa wanafunzi wote, je, umeandika kwa walimu? Watoto wetu walioko mbali hutupigia sisi. Kuna wanaonipigia kila mwaka kwa mwezi uleule, na kuna walionieleza maradhi na talaka zao kabla ya ndugu zao kujua. Siri zao sitaitoa, lakini namba mpya ya mtu naweza kumwomba ruhusa nikupe. Watafute walimu wako wa zamani ambao bado wapo. Zile barua pepe tisini zilizorudi, sehemu yake utaipata hapo.

Ninyi mnatumia neno wahitimu, yaani mliomaliza. Kilatini wanasema alumnus, na neno hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kulisha, kulea. Ni mtoto aliyelelewa. Sisi walimu tunawaona hivyo mpaka leo.

---

Nahodha_Mstaafu

Kuhusu mkutano, niko upande wa mwenyekiti, ila si kwa sababu yake. Mkutano wa kukutana tu huchosha. Watu hukusanyika pakiwa na jambo.

Chama cha wahitimu kinachohesabiwa kuwa cha zamani kuliko vyote vilivyodumu ni cha Williams College, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1821. Mwaka huo rais wa chuo aliondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine cha Amherst, na ikaonekana Williams ingekufa. Waliosoma pale wakajikusanya kukiokoa. Kumbukumbu za ujana peke yake nadhani zisingewakusanya.

Jumuiya yetu ilikuwa imelala kama yenu. Tukaamua tuna kazi moja: kila mhitimu anayewasili nchi mpya apokelewe na mtu wa shule, kituoni, na mwezi wa kwanza asikae peke yake. Basi. Vijana wakaanza kuja wenyewe kwa sababu kila aliyepokelewa alitaka kumpokea mwingine. Na yule anayepokea wageni ndiye huyo huyo anayejua nani jijini kwake haonekani siku hizi.

---

Msafiri_Tulivu

Nahodha, hapo kwenye mkutano mkubwa natofautiana nawe kidogo. Ukubwa ndio tatizo. Miji ikutane yenyewe, watu watano au kumi, mara tatu au nne kwa mwaka, sebuleni kwa mtu. Ule mkubwa uwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, na tarehe itangazwe mapema sana. Ombi la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, linaruhusiwa kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe zaidi ya siku kumi na tano kabla. Ukitangaza mkutano wa Ulaya miezi mitatu kabla, mwenzako anayehitaji viza umeshampotezea nusu ya muda wake. Barua ya mwaliko itoke siku ileile ya tangazo.

Na vya mtandaoni visifutwe, ila viandikwe saa vizuri. Sisi tuliwahi kutangaza kikao "saa 2 usiku" bila kusema ya wapi, watu wakaingia kwa saa nne tofauti, na mmoja aliisoma kwa hesabu ya Kizungu akaamka usiku wa manane kutusubiri. Andikeni kwa mtindo wa saa 24 na UTC, yaani saa rejea ya dunia nzima, kisha saa ya kila eneo lenye watu wenu. Muwe makini na mwezi Machi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo katikati hapo tofauti ya New York na London inakuwa saa nne badala ya tano.

---

Mpita_Njia

Nitasema jambo ambalo halipendezi. Kati ya hao tisini ambao barua zimerudi, wapo walioamua kuondoka. Shule haikuwa njema kwa kila mtu. Mimi nilipigwa na kuonewa bwenini miaka mitatu, na waliofanya hivyo ndio wanaopiga picha mbele kwenye mikutano. Mjumbe wa darasa langu akinipigia kila miezi mitatu nitaumia kila miezi mitatu. Wekeni nafasi ya mtu kusema "nijulisheni misiba tu" au "msinitafute", na ikisemwa iheshimiwe bila kuulizwa sababu.

---

KatibuWaUghaibuni

Mpita_Njia, pole. Nimekusoma mara mbili. Hiyo nafasi itawekwa, na nitaiandika mwanzoni kabisa mwa fomu, isiwe chini kwenye maandishi madogo.

Wengine wote, asanteni kutoka moyoni. Hiki ndicho ninachopeleka kwenye kamati. Orodha igawanywe kwa madarasa, wajumbe wapige simu. Kila atakayekubali ataje mtu wa nyumbani, na namba ya jumuiya iwe moja. Mkutano mkubwa uwe kila miaka miwili, miji ikutane yenyewe katikati. Mweka hazina nitamwomba mwaka mzima upite bila ujumbe wa mchango kwa yeyote aliyemaliza ndani ya miaka mitano. Najua hilo litaleta mvutano kwa sababu paa la maktaba bado halijakamilika, lakini Darasa_la_2015 amenisemea kitu ambacho sitaweza kukisahau. Kazi ya kupokea wageni tutaijadili, sina hakika kama tuna watu wa kutosha.

Jana niliwapigia wale sita. Nilidhani watajitetea. Wawili walilia. Hawakuwa wakijuana kuwa wako jiji moja, maana majina ya miji yalikuwa kwangu tu, kwenye faili langu. Hilo ni kosa langu na nimewaambia hivyo.

Jumamosi watano kati yao wanakwenda kwa binti, wa sita yuko kazini hadi jioni na atafika baadaye. Nilipompigia binti kuomba ruhusa, alisema waje, kisha akauliza kama kuna anayejua kwa nini mama yake aliitwa jina fulani la utani shuleni. Mama alikuwa akilitaja, anacheka, hamwambii maana yake.

Yule wa dakika ishirini kwa treni alikaa bweni moja na marehemu. Anajua. Ameniomba nisimwambie binti chochote kwenye simu, atamweleza mwenyewe akifika.