Tuwashawishije watu watembee kwa miguu katika safari fupi mjini Mtwara?

Swali (mkazi wa Shangani): Ndugu zangu, juzi nilimwona jirani akipanda bodaboda kwenda dukani, mwendo usiofika dakika kumi kwa miguu, na kesho yake nami nikafanya vivyo hivyo. Tufanye nini ili kutembea kuwe jambo la kawaida tena?

Jibu: Mkuu, tatizo si uvivu pekee. Saa saba mchana mchanga wa kando ya barabara huchoma hata ukivaa kandambili, na ukisogea kwenye lami unapigiwa honi. Ipandwe miarobaini kando ya njia, na wenye maduka waache kupanga ndoo na magunia mahali pa waenda kwa miguu.

Jibu: Naongeza kwamba Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo, hivyo anayekwenda sokoni na kurudi kwa dakika 30, siku tano, amekwisha kuzitimiza bila kulipa nauli.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na wanangu asubuhi, kabla jua halijakolea, ingawa siku ya gunia la mchele nitaita bajaji.