Timu ya jumla tunahamia programu ya kupokea oda, tuanzie wapi?

Mpokea_Oda

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa walioshapita hii njia. Tuko tisa upande wa mauzo ya jumla, wanne wanazungukia wateja, watatu tunapokea oda ofisini, wawili stoo. Mpaka leo oda zinaingia kila mlango, simu, WhatsApp, imeili, wengine wanampa dereva karatasi aje nayo. Sisi tunaandika kwenye daftari, jioni mmoja anakaa anaingiza kwenye Excel, asubuhi stoo wanapewa karatasi. Wiki iliyopita mteja kapiga simu asubuhi akaagiza, mchana akamtumia mtu wetu wa mauzo ileile oda kwa WhatsApp ili tusisahau, tukapakia mara mbili. Na si mara ya kwanza.

Sasa bosi ameshalipia programu, mteja anaweza kuingia mwenyewe kwa simu akachagua mzigo au sisi tukamwingizia. Anataka mwezi ujao tarehe 1 wote tuwe ndani. Wateja tunao kama 300, bidhaa kama 1,200. Mimi ndo nimekabidhiwa kuisimamia. Kwenye kikao cha jana wazee wawili wa mauzo hawakutia neno kabisa, na hao ndo wenye wateja wakubwa. Nianze na mafunzo au nianze na kuingiza bidhaa? Na wateja niwaambie lini?

Mtu_wa_Stoo

Ndugu yangu anza na vipimo. Kabla ya mafunzo, kabla ya chochote. Namaanisha katoni, dazeni na pisi.

Sisi tulivyoanza, mteja aliandika 24 kwenye betri, yeye kichwani mwake ni pisi 24 yaani katoni moja, ndivyo alivyokuwa anatuambia kwa simu miaka yote na karani wetu alikuwa anajua akisema 24 anataka katoni moja. Programu haimjui mteja. Bidhaa ilikuwa imeingizwa kwa katoni, kwa hiyo ikasoma katoni 24, karatasi ya kukusanya mzigo ikatoka hivyo, na kijana wa stoo alikuwa mgeni akapakia zote. Mzigo ulirudi na gari jioni, nusu ya katoni zimebonyea. Hapo hakuna wa kumlaumu, kila mtu alifanya alichoona kwenye skrini.

Kwa hiyo chukua listi yako ya bidhaa 1,200, kila moja iandikwe inauzwa kwa kipimo gani na katoni ina pisi ngapi. Usikae ofisini ukaandika kwa kukumbuka, ingia stoo na hao wawili mkasome kwenye katoni yenyewe, maana kiwanda kinabadilisha ujazo kimyakimya, jana 24 leo 20. Kwenye jina la bidhaa pia weka ujazo, "Betri ndogo, katoni ya pisi 24", mteja aone kabla hajabonyeza. Na kama programu yenu inaruhusu kuweka kiwango cha juu cha tahadhari, weka, oda ikizidi mara tatu ya kawaida ya huyo mteja isimame mpaka mtu aipitie.

Kama muda hautoshi msihangaike na zote, anzeni na zile zinazotoka kila wiki, zilizolala zitafuata.

Fundi_Data

Nakazia alichosema mkuu hapo juu halafu naongeza la faili, kwa sababu nahisi utapewa kiolezo cha Excel ujaze ndo kipandishwe.

Angalia namba za bidhaa. Kama zinaanza na sifuri, mfano 00417, Excel itazila sifuri na kubakiza 417, halafu programu itaona ni bidhaa nyingine. Bakodi nazo, ile ya kawaida ya dukani ina tarakimu 13, Excel ikiiona kama namba inaionyesha kwa kifupi yenye E+12 katikati, na ukihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu la kupandishia) katika hali hiyo kinachoandikwa kwenye faili ni hicho kifupi, tarakimu za mwisho zimepotea, huzirudishi tena. Dawa yake badilisha safu nzima iwe Text KABLA hujabandika kitu. Baada ya hapo hata ukitaka kuichungulia CSV usiifungue kwa kubofya mara mbili, itarudia palepale, ifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida. Kabla ya kupandisha zote pandisha bidhaa kumi tu uziangalie moja moja.

Kingine ni bei, na hapa nakuomba uwe makini sana. Jumla kila mteja ana bei yake, kuna mwenye punguzo la zamani alilopewa na bosi kwa mdomo tu halipo popote. Mteja akiingia akakuta bei ya juu kuliko aliyozoea, hatarudi kwenye hiyo programu. Akiona bei ya mwenzake ndo balaa zaidi. Kabla ya kumfungulia mteja yeyote, ingia kama yeye, kwa akaunti yake, uone anachokiona, halafu kaa na invoisi zake tatu za mwisho ulinganishe mstari kwa mstari. Wateja 300 huwezi kuwamaliza hivyo kwa mwezi mmoja, ndo maana tarehe 1 kwa wote kwa maoni yangu haifai, mwambie bosi mapema kabla haijafika.

Dada_wa_Mauzo

Mimi nina miaka mingi barabarani naomba niwasemee hao wazee wawili. Kunyamaza kwao usikuchukulie kama ubishi. Mtu amejenga mteja miaka kumi, anamjua mpaka siku anayopokea hela, leo anaambiwa mteja ataagiza mwenyewe kwa simu, anachojiuliza ni je mimi nimebaki na kazi gani na kamisheni yangu itahesabiwaje. Hilo lijibiwe na bosi tena kwa maandishi, oda ya mteja wangu hata akiiweka mwenyewe saa nane usiku inahesabika kwangu au la? Likijibiwa nusu ya shida imekwisha.

Halafu usiwape mafunzo ya ukumbini. Mchukue mzee mmoja, kaa naye kwenye gari, mwonyeshe vitu viwili tu, deni la mteja na stoki iliyobaki baada ya kutoa zilizoshaagizwa na wengine. Mimi kilichonivuta ni hicho. Zamani namwahidi mteja mzigo, narudi ofisini naambiwa umeshachukuliwa, namwonea aibu mteja. Sasa nikiwa nimesimama mlangoni kwake naona.

Na wateja wasilazimishwe. Anayetaka kupiga aendelee kupiga, wewe unayepokea ndo unaingiza kwenye programu palepale akiwa bado kwenye laini, unamsomea oda yake yote, akisema sawa unathibitisha na namba ya oda unamtumia. Akituma WhatsApp ya "kukumbushia" unaangalia, namba ipo, unamjibu imeshaingia. Hivyo hupakii mara mbili.

Mpokea_Oda

Asanteni sana, kamisheni sikuiwaza kabisa. Swali la mwisho, daftari tuliache siku hiyohiyo au twende navyo vyote viwili kwa muda? Bosi anaogopa mtandao ukikata.

Mtu_wa_Stoo

Msiende navyo vyote kwa mteja mmoja, mtachoka na wiki ya pili watu watarudi kwenye daftari. Gawa kwa wateja. Chagua 15 wanaoagiza mara kwa mara na wasio na maneno mengi, hao oda zao ni kwenye programu tu, waliobaki daftari kama kawaida, kila wiki unaongeza. Stoo nao waambiwe kitu kimoja, mteja aliyehamia hapakiwi kwa karatasi ya mkono hata aje bosi mwenyewe nayo. Mkilegeza hapo mara moja tu imekula kwenu.

Mtandao ukikata andikeni kwenye fomu yenye sehemu zilezile za programu, mteja, bidhaa, kipimo, idadi, siku ya kupeleka, na mtu mmoja mwenye jina lake ndo awe wa kuingiza ukirudi, akishaingiza aandike namba ya oda juu ya fomu.

Mpokea_Oda

Nimerudi kutoa mrejesho. Leo tumeingia stoo tangu asubuhi mimi na vijana wawili, tumepitia bidhaa 140, kati ya hizo 19 ujazo wa katoni si ule tuliokuwa nao kwenye Excel. Sabuni moja tumekuta katoni za ujazo mbili tofauti zimepangwa pamoja, hiyo tumeigawa iwe bidhaa mbili. Bosi nimemwonyesha hiyo listi, amekubali tarehe 1 tuanze na wateja 15. La kamisheni kasema Jumatatu anakaa na hao wazee kabla ya kitu kingine chochote.