Wakuu, siku nne Paris na euro 800: nile wapi, ninunue wapi?

Mtoto wa Makorora: Habari zenu wakuu. Viza imetoka, nasafiri wiki ijayo. Malazi ninayo. Nataka mnara wa Eiffel, makumbusho ya Louvre na zawadi za mama na mashangazi. Usingizi sipati. Naombeni mnipangie.

Kungwi75: Usile chini ya mnara, bei zinauma. Ingia mitaa ya nyuma mchana, utafute ubao ulioandikwa "formule": chakula na kitamutamu kwa bei moja. Maji omba "carafe d'eau", ni ya bomba, bure kisheria. Malazi kwa nani?

Babu Juha: Mimi na mke wangu tuliupanda kwa miguu, ngazi 674 hadi ghorofa ya pili. Yeye na viatu vya harusini! Alivivua njiani, akamaliza na soksi, mimi nimebeba viatu kama mpambe.

Mwalimu Mstaafu: Mashangazi wanahitaji bima ya afya, si manukato.

Kungwi75: Nauliza tena. Malazi kwa nani? Mwenyeji alikwenda manispaa kukuchukulia hati ya kukukaribisha?

Mtoto wa Makorora: Viza niliombea hoteli, baadaye nikaifuta nipunguze gharama. Nafikia kwa rafiki.

Kungwi75: Rafiki wa wapi?

Mtoto wa Makorora: Tulijuana mtandaoni, miezi mitano sasa. Mtanzania mwenzetu. Nimemtumia euro 260 anikatie tiketi: Louvre Jumanne, na chakula cha usiku kwenye boti mto Seine. Msimfikirie vibaya, kila Ijumaa anampigia mama kumsalimia.

Pwani Moja: Hii chai. Louvre hufungwa kila Jumanne. Mtunzi rudi ukapange siku upya.

Shemeji Lao: Chai ya maziwa. Naagiza vitumbua.

Mtoto wa Makorora: Wallahi si chai. Tiketi ninayo hapa, Jumanne saa 4 asubuhi. Jina langu limekosewa herufi moja, nikadhani ni haraka tu.

Pwani Moja: Basi nisamehe mdogo wangu. Hukutunga wewe, umetungiwa.

Mtoto wa Makorora: Nampigia. Inaita tu.

Kungwi75: Acha kupiga. Rudisha ile hoteli leo hii, maana hata mpakani wanaweza kukuuliza unafikia wapi. Louvre kata mwenyewe kwenye tovuti yao, Jumatano. Kanisa la Notre-Dame kuingia ni bure, imefunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019. Panda juu ya paa la duka kubwa la Galeries Lafayette, bure pia, mnara unauona. Na mama mwambie kabla ya Ijumaa.

Mtoto wa Makorora: Mama ndiye ananiumiza. Ameshamsukia mkeka.

Babu Juha: Mkeka mpe shangazi. Hoteli vipi?

Mtoto wa Makorora: Kimebaki chumba kimoja, euro 95 kwa usiku. Nilipe?

Babu Juha: Lipa sasa hivi. Na ubebe raba.