Naomba ushauri: seva mbili, kila moja inajiona ndiyo kiongozi

Wakuu, nipo Kigoma, natunza seva mbili za duka la jumla pale Mwanga. Zinalindana kwa Pacemaker na Corosync (programu zinazofanya moja ishike kazi mwenzake ikifa), data inanakiliwa kwa DRBD (inanakili diski kati ya seva kupitia mtandao).

Juzi umeme ulikatika. Swichi ya mtandao inayoziunganisha ikazima, seva zikabaki hai kwenye UPS (betri ya akiba). Kila moja ikadhani mwenzake kafa, zote zikawasha hifadhidata. Moja inasema stoo ina mifuko 40 ya sukari, nyingine 31. Nimekesha nalinganisha risiti!

Kosa langu, STONITH (seva moja kuizima mwenzake kwa nguvu ili zisifanye kazi zote mbili) niliizima kwa uvivu. Nikiiwasha kwa IPMI (njia ya kuzima na kuwasha seva kwa mbali), amri inapita swichi ileile. Nianze na kebo ya moja kwa moja kati ya seva, au Raspberry Pi (kompyuta ndogo) iwe kura ya tatu ya kuamua nani kiongozi? Bosi hanunui seva nyingine.